Kuweka machaguo yako mwenyewe kwenye menyu ya GRUB

Menyu inayotokea kompyuta ya Linux inapowaka, ile inayokuuliza uingie mfumo upi, kwenye distro nyingi (matoleo ya Linux kama Ubuntu na Fedora) ni kazi ya GRUB toleo la 2. Machaguo yake husomwa kutoka faili moja, `/boot/grub/grub.cfg`, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanaifungua, wanabadilisha jina la chaguo au wanaongeza neno kwenye mstari wa kerneli (kiini cha Linux), wanawasha upya, mambo yanakubali. Kisha siku moja kerneli mpya inasakinishwa na kila walichoandika kinatoweka. Faili hiyo haikukusudiwa kuandikwa na mtu. Huzalishwa upya kila kerneli inapoongezwa au kuondolewa, na mistari yake ya mwanzo kabisa inakuonya usiihariri.

Mahali pako pa kuandika ni patatu. `/etc/default/grub` ina mipangilio ya jumla: chaguo la kwanza ni lipi, menyu isubiri sekunde ngapi, kerneli ipewe vigezo gani. Folda ya `/etc/grub.d/` ina skripti zinazozalisha machaguo yenyewe. Halafu kuna `/boot/grub/custom.cfg`, ambayo wengi hawaijui kwa sababu haipo mpaka uiunde. Maelezo haya yanafuata Debian, Ubuntu na ndugu zao. Fedora ina mambo yake, nayo yako mwishoni.

Kabla ya kugusa chochote

Hakikisha kwanza kwamba unatumia GRUB kweli. Baadhi ya distro, Pop!_OS kwenye mashine za UEFI (programu ya kuwashia ya mashine mpya, mrithi wa BIOS) ikiwa mojawapo, hutumia kipakiaji kingine, systemd-boot, na humo hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kitakachofanya kazi. Kisha jua kama mashine imewaka kwa UEFI au kwa BIOS ya zamani:

```
[ -d /sys/firmware/efi ] && echo UEFI || echo BIOS
```

Weka nakala nje ya folda husika:

```
sudo cp /etc/default/grub /root/grub.asili
sudo cp -a /etc/grub.d /root/grub.d.asili
```

Neno "nje" lina sababu. Ukiweka nakala ndani ya `/etc/grub.d/` kwa jina kama `40_custom.bak`, nayo itaendeshwa pamoja na ya asili, na utaona kila chaguo lako mara mbili kwenye menyu. GRUB huruka faili zinazoishia na `~` na mabaki ya wasimamizi wa vifurushi kama `.dpkg-old` au `.rpmsave`, lakini `.bak` kwake ni skripti kama nyingine yoyote, mradi ina ruhusa ya kuendeshwa.

Uwe pia na flashi ya USB inayoweza kuwasha Linux. Huenda usiihitaji, ila siku utakayoihitaji hutakuwa na kompyuta ya kuitengenezea.

Mipangilio ya jumla

Fungua `/etc/default/grub` kwa kihariri unachokipenda, kama mtumiaji mkuu. Vigezo vinavyohusika zaidi ni hivi:

```
GRUB_DEFAULT=0
GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=5
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash"
GRUB_CMDLINE_LINUX=""
```

Ukimaliza kuhariri, endesha `sudo update-grub`. Bila amri hiyo hakuna kinachobadilika. Amri yenyewe ni kifupi tu cha `grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg`, na kwenye Arch, ambako kifupi hicho hakipo, unaandika amri ndefu.

Muda: `GRUB_TIMEOUT=-1` husubiri mpaka uchague, `0` huingia papo hapo. Ukiweka `GRUB_TIMEOUT_STYLE=hidden`, menyu haionekani, ila unaweza kuiita kwa kushika Shift kwenye mashine za BIOS au kugonga Esc kwenye UEFI. Esc igonge mara moja tu. Ukiigonga mfululizo unaweza kujikuta kwenye `grub>` tupu. Ukifika hapo andika `normal` ubonyeze Enter. Kwenye Ubuntu, kama mara ya mwisho mfumo haukuwaka vizuri, menyu hujitokeza yenyewe na kusubiri sekunde 30 hata kama uliificha. Muda huo una kigezo chake, `GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT`, kwa hiyo usihangaike na `GRUB_TIMEOUT` ukiona haisikii.

Tofauti ya vigezo viwili vya mwisho huwapita wengi. Kilichoandikwa kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX` huingia kwenye machaguo yote, pamoja na yale ya uokoaji. Chenye neno DEFAULT huingia kwenye machaguo ya kawaida tu. Kama kadi yako ya picha haionyeshi kitu bila `nomodeset`, iweke kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX`, la sivyo chaguo la uokoaji litakupa skrini nyeusi siku unayolihitaji.

Sasa `GRUB_DEFAULT`. Namba huanza kuhesabiwa kutoka sifuri, na ni njia mbaya ya kuchagua. Menyu ikiongezewa mstari mmoja juu, namba yako inaelekea kwingine. Tumia kitambulisho cha chaguo. Vitambulisho vyote utaviona hivi:

```
sudo grep -E "^\s*(menuentry|submenu) " /boot/grub/grub.cfg
```

Katika kila mstari, maneno yanayofuata `$menuentry_id_option` ndiyo kitambulisho. Chaguo lililo ndani ya menyu ndogo huandikwa kwa njia nzima, likitenganishwa na alama ya `>`:

```
GRUB_DEFAULT="gnulinux-advanced-UUID>gnulinux-6.1.0-18-amd64-advanced-UUID"
```

Mahali penye UUID panakaa namba ndefu inayotambulisha patisheni kuu (sehemu ya diski yenye mfumo wako), na toleo la kerneli ni lile unalolitaka. Ukiandika kitambulisho cha ndani peke yake bila cha menyu ndogo, GRUB haitakipata, itarudi kwenye chaguo la kwanza bila kelele nyingi. Ukitaka kuondoa menyu ndogo kabisa, ili kerneli zote zipangwe moja kwa moja, weka `GRUB_DISABLE_SUBMENU=y`. Machaguo ya uokoaji yanaondolewa kwa `GRUB_DISABLE_RECOVERY=true`, jambo ambalo sioni faida yake zaidi ya menyu kuwa fupi.

Kuna pia `GRUB_DEFAULT=saved`. Nayo ikiwepo, `sudo grub-set-default kitambulisho` hubadilisha chaguo la kudumu bila kuzalisha faili upya. Ukiongeza `GRUB_SAVEDEFAULT=true`, GRUB hukumbuka ulichochagua mara ya mwisho. Kwa safari moja tu tumia `sudo grub-reboot kitambulisho`: uwashaji unaofuata utaingia hapo, unaokuja baada yake utarudi kwenye kawaida.

Kumbukumbu hiyo hukaa kwenye `/boot/grub/grubenv`, faili ya baiti 1024 kamili. Linux inaweza kuiandika popote ilipo, lakini GRUB wakati wa kuwaka haiwezi kuandika kwenye LVM wala RAID ya programu (njia za kuunganisha diski au patisheni kadhaa). Hapo utaona `diskfilter writes are not supported`. Kwenye Btrfs (aina ya mfumo wa faili) malalamiko huwa `sparse file not allowed`. Matokeo yake si ujumbe tu: GRUB haiwezi kukumbuka chaguo lako, na lile la `grub-reboot` haliwezi kufutwa baada ya kutumika, kwa hiyo mashine hurudi palepale kila ikiwaka. Lifute mwenyewe kwa `sudo grub-editenv - unset next_entry`. Dawa ya kudumu ni kuwa na `/boot` ya kawaida ya ext4, nje ya LVM.

Na kuhusu Windows kutoonekana: tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kutafuta mifumo mingine kumezimwa kwa chaguo-msingi kwa sababu za usalama. Ukiendesha `update-grub` ukaona onyo kwamba os-prober, programu inayofanya utafutaji huo, haitaendeshwa, ongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, hakikisha kifurushi cha `os-prober` kimesakinishwa, kisha rudia amri. Kwa mashine yenye Windows moja isiyohama, ni nadhifu zaidi kuandika chaguo lake kwa mkono kama inavyoonyeshwa hapa chini na kuiacha os-prober imezimwa. Kila ikiendeshwa hupekua patisheni zote, na kwenye mashine yenye diski nyingi inachelewesha kila usasishaji wa kerneli.

Kuandika chaguo lenyewe

Skripti za `/etc/grub.d/` huendeshwa kwa mpangilio wa majina yao: `00_header` kwanza, kisha `10_linux` inayoorodhesha kerneli, `30_os-prober`, na mwisho `40_custom` na `41_custom`. Yako ni `40_custom`. Ukiifungua utakuta mistari michache:

```
#!/bin/sh
exec tail -n +3 $0
```

Maana yake ni kwamba kila kitu kuanzia mstari wa tatu kinanakiliwa kama kilivyo hadi `grub.cfg`. Ukifuta au kusogeza mistari hiyo miwili, maandishi ya GRUB yatasomwa kama skripti ya shell na `update-grub` itakupigia kelele.

Usianze kuandika kutoka kichwani. Anza kwa kutazama jinsi mashine yako inavyowaka sasa:

```
cat /proc/cmdline
```

Jibu huwa kama `BOOT_IMAGE=/boot/vmlinuz-6.1.0-18-amd64 root=UUID=... ro quiet`. Mstari huo mmoja unakumalizia kazi kubwa. Njia ikianza na `/boot/vmlinuz`, basi `/boot` iko ndani ya patisheni kuu. Ikianza na `/vmlinuz` tu, `/boot` ni patisheni yake yenyewe, na GRUB inaihesabu hiyo kuwa mwanzo wa njia. Ikianza na `/@/boot`, uko kwenye Btrfs yenye kijisehemu kiitwacho `@`, na ndani ya mstari huohuo utaona `rootflags=subvol=@` ambayo huwezi kuiacha. Ukiona `root=/dev/mapper/...`, diski iko kwenye LVM au imesimbwa, nawe unakili hivyohivyo.

Kisha pata UUID:

```
findmnt -no UUID /
findmnt -no UUID /boot
findmnt -no UUID /boot/efi
```

Amri ya pili isipojibu kitu, huna `/boot` ya pekee. Sasa chaguo. Tuseme unataka moja linalowasha mfumo bila mazingira ya picha, kwa matengenezo:

```
menuentry "Linux bila picha" --class gnu-linux --id linux-maandishi {
    insmod part_gpt
    insmod ext2
    search --no-floppy --fs-uuid --set=root UUID-YA-BOOT
    linux /boot/vmlinuz root=UUID=UUID-YA-MZIZI ro systemd.unit=multi-user.target
    initrd /boot/initrd.img
}
```

Kuna UUID mbili na kazi mbili, na kuzichanganya ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Ya kwenye `search` inaiambia GRUB iitafute kerneli kwenye patisheni ipi. Ya kwenye `root=` inaiambia kerneli, ikishaanza, ipachike mfumo kutoka wapi. Kama huna `/boot` ya pekee zinafanana, ndiyo maana watu huzoea kubandika moja kote na kukwama wanapohamia mashine nyingine. Ukiwa na `/boot` ya pekee, ya kwanza ni ya `/boot`, ya pili ni ya `/`, na njia zinakuwa `/vmlinuz` na `/initrd.img`.

`insmod ext2` inatosha kwa ext3 na ext4 pia. Kwa diski yenye jedwali la zamani la MBR andika `part_msdos` badala ya `part_gpt`, na kwa LVM ongeza `insmod lvm`. Usitaje diski kwa `(hd0,gpt2)`: namba hizo hubadilika ukichomeka diski nyingine. Vivyo hivyo `/dev/sda2` kwenye `root=`.

Angalia kwamba njia haina namba ya toleo la kerneli. Ukiandika `/boot/vmlinuz-6.1.0-18-amd64`, chaguo litafanya kazi mpaka kerneli hiyo ifutwe na `apt autoremove`, kisha litakufa. Kwenye Ubuntu, `/boot/vmlinuz` na `/boot/initrd.img` ni viungo vinavyoelekea kwenye kerneli ya karibuni, navyo husogezwa kila usasishaji, na vinafaa hata kama `/boot` ni patisheni ya pekee. Debian huweka viungo hivyo kwenye mzizi: `/vmlinuz` na `/initrd.img`. GRUB inavifuata, mradi kiungo na faili viko kwenye patisheni moja. Kwenye Debian yenye `/boot` ya pekee haviko: kiungo kipo kwenye patisheni kuu, nacho kinaelekeza ndani ya folda `boot/` ambayo GRUB inaiona tupu. Hapo tengeneza viungo vyako ndani ya `/boot`, ukikubali kuvisogeza mwenyewe, au acha kabisa chaguo la mkono na uongeze neno kwa kitufe cha `e` wakati wa kuwasha, kama ilivyoelezwa chini.

Windows kwenye UEFI haihitaji kerneli wala initrd (faili inayoisaidia kerneli ya Linux kuanza). Unaikabidhi tu kwa kipakiaji chake:

```
menuentry "Windows" --class windows --id windows {
    insmod part_gpt
    insmod fat
    search --no-floppy --fs-uuid --set=root ABCD-1234
    chainloader /EFI/Microsoft/Boot/bootmgfw.efi
}
```

UUID hapa ni ile fupi ya patisheni ya EFI, yenye herufi na tarakimu nane na kistari katikati. Kama Windows ina patisheni ya EFI kwenye diski yake yenyewe, tumia ya hiyo, utaiona kwa `lsblk -f`. Njia hii haifai kama Linux imewaka kwa BIOS na Windows kwa UEFI. Mifumo miwili ya aina hizo haiwezi kukabidhiana, na hakuna maandishi ya menyu yatakayotibu hilo.

Haya mafupi nayo yanafaa kuwepo:

```
menuentry "Mipangilio ya UEFI" --id uefi { 
    fwsetup 
}
menuentry "Zima kompyuta" --id zima { 
    halt 
}
```

Distro nyingi tayari zina la kwanza kupitia `30_uefi-firmware`, kwa hiyo tazama kabla hujaliongeza. Kama ulichagua `GRUB_SAVEDEFAULT=true` na unataka machaguo yako yakumbukwe pia, andika neno `savedefault` kama mstari wa kwanza ndani ya chaguo. Yale ya `10_linux` huwekewa kiotomatiki, yako hayawekewi. Kwenye "Zima kompyuta" usiliweke kamwe. Fikiria mwenyewe uwashaji unaofuata utakuwaje.

Kuwasha faili ya ISO moja kwa moja kutoka kwenye diski, bila flashi, ni matumizi mazuri ya menyu hii. Kwa ISO ya Ubuntu iliyowekwa kwenye folda `/iso` ya patisheni isiyosimbwa:

```
menuentry "Ubuntu kutoka ISO" --id ubuntu-iso {
    set isofile="/iso/ubuntu.iso"
    search --no-floppy --file --set=root $isofile
    loopback loop ($root)$isofile
    linux (loop)/casper/vmlinuz boot=casper iso-scan/filename=$isofile quiet
    initrd (loop)/casper/initrd
}
```

Maneno `boot=casper` na `iso-scan/filename` ni ya Ubuntu na jamaa zake. Kila distro ina yake, na njia ya kuyajua ni kufungua ISO na kusoma `grub.cfg` iliyo ndani yake.

Mpangilio, na njia fupi ya kujaribu

Kwa kuwa majina ya faili ndiyo yanayopanga menyu, chaguo lako litapanda juu ukilihamishia kwenye faili yenye namba ndogo kuliko 10:

```
sudo cp /etc/grub.d/40_custom /etc/grub.d/09_yangu
sudo chmod +x /etc/grub.d/09_yangu
```

Hariri hiyo mpya na uache `40_custom` ikiwa na mistari yake ya asili tu. Ruhusa ya kuendeshwa ni lazima. Bila hiyo faili hurukwa kimya. Na kama bado una `GRUB_DEFAULT=0`, kumbuka kwamba sifuri sasa ni chaguo lako jipya.

Ukiwa bado unajaribu, usitumie `09_yangu` wala `40_custom`. Weka machaguo kwenye `/boot/grub/custom.cfg`. Skripti ya `41_custom` huiambia GRUB iisome faili hiyo wakati wa kuwaka, kwa hiyo unahariri na kuwasha upya bila `update-grub`. Haihitaji ile mistari miwili ya mwanzo wala ruhusa ya kuendeshwa. Kinachokosekana ni ukaguzi: `update-grub` hukagua sarufi na ikikuta kosa huacha faili yenye hitilafu kwa jina la `grub.cfg.new`, menyu ya zamani ikabaki salama. `custom.cfg` haikaguliwi na yeyote, hivyo ikague mwenyewe:

```
sudo grub-script-check /boot/grub/custom.cfg
```

Ikinyamaza, sarufi ni sawa. Haitakuambia kwamba UUID si sahihi au faili haipo. Hilo unaligundua kwa kuwasha, na hata likishindwa, machaguo mengine yote yapo palepale.

Njia nyingine ya kujaribu ni menyu yenyewe: simama kwenye chaguo, bonyeza `e`, badilisha, kisha Ctrl+X au F10. Mabadiliko hayo hayahifadhiwi popote. Ukibonyeza `c` unapata mstari wa amri, na hapo `ls` huonyesha patisheni ambazo GRUB inaziona, `ls (hd0,gpt2)/` huonyesha yaliyomo, na kitufe cha Tab hukamilisha majina. Kama hujui njia ianze na `/boot` au la, dakika moja hapo inatosha. Kumbuka tu kwamba kibodi hapo ni ya mpangilio wa Marekani, hata kama mfumo wako una mwingine.

Jina la distro na nenosiri

Watu hupenda kubadilisha jina linaloonekana kwenye menyu kwa kugusa `GRUB_DISTRIBUTOR`. Linabadilika kweli, ila kwenye UEFI kigezo hichohicho ndicho `grub-install` inachokitumia kuita folda yake ndani ya patisheni ya EFI. Siku GRUB itakaposakinishwa upya, itajiweka kwenye folda mpya, wakati faili yake ya kuwashia iliyotiwa saini kwa ajili ya Secure Boot (ukaguzi wa UEFI unaokataa programu zisizo na saini) bado inatafuta mipangilio kwenye `/EFI/debian` au `/EFI/ubuntu`. Kama ni jina tu unalitaka, andika chaguo lako kwenye `09_yangu` na uliite upendavyo.

Nenosiri lina mtego wake. Zalisha alama zake kwa `grub-mkpasswd-pbkdf2`, kisha kwenye `40_custom` weka:

```
set superusers="msimamizi"
password_pbkdf2 msimamizi grub.pbkdf2.sha512.10000...
```

Kuanzia hapo si kuhariri kwa `e` tu kunakodai nenosiri. Kila chaguo lisilo na neno `--unrestricted` halitawaka bila nenosiri, hata lile la kawaida. Kwenye machaguo yako ongeza neno hilo baada ya jina. Kwa yale ya kerneli, liongeze kwenye mstari wa `CLASS=` ndani ya `10_linux`, ukijua kwamba usasishaji wa GRUB unaweza kukuuliza kama ubakize faili yako au uchukue mpya. Kwa seva iliyo mbali nawe, kusahau hili ni kuifungia nje mpaka mtu afike kwenye kibodi yake.

Makosa na maana yake

`error: no such device` ikifuatwa na UUID: namba ya kwenye `search` haipo kwenye diski yoyote. Mara nyingi patisheni ilifomatiwa upya.

`error: file '/boot/vmlinuz' not found`: patisheni imepatikana, njia ndiyo mbaya. Ondoa au ongeza `/boot`.

`error: you need to load the kernel first`: ujumbe huu si kosa lenyewe, ni mwangwi wake. `initrd` inalalamika kwa sababu mstari wa `linux` ulio juu yake ulishindwa. Soma ujumbe uliotangulia. Ukiwa ni `bad shim signature`, Secure Boot imeikataa kerneli isiyo na saini inayotambulika. Tia saini au tumia kerneli ya distro.

`Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`: kerneli imeanza bila initrd. Umesahau mstari huo, au umeweka usioendana na kerneli.

`ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!`: GRUB imemaliza kazi yake salama, `root=` ndiyo yenye kosa.

Ukikutana na `grub>` badala ya menyu, GRUB imewaka lakini haijapata `grub.cfg`. Itafute kwa `ls`, kisha:

```
configfile (hd0,gpt2)/boot/grub/grub.cfg
```

Ikishindikana, washa kwa flashi na ufanye marekebisho ukiwa ndani ya mfumo wako. Badilisha majina ya patisheni kulingana na `lsblk`, na kama una `/boot` ya pekee ipachike kabla ya ile ya EFI:

```
sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
update-grub
```

Fedora na jamaa zake

Tangu Fedora 30, kerneli haziandikwi ndani ya `grub.cfg`. Kila moja ina faili yake fupi kwenye `/boot/loader/entries/`, yenye mistari ya `title`, `version`, `linux`, `initrd` na `options`. Unaweza kubadilisha `title` kwa mkono, lakini kwa vigezo vya kerneli tumia `grubby`:

```
sudo grubby --info=ALL
sudo grubby --update-kernel=ALL --args="nomodeset"
sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args="quiet"
sudo grubby --set-default /boot/vmlinuz-TOLEO
```

`40_custom` bado inafanya kazi, na amri ya kuzalisha ni `sudo grub2-mkconfig -o /boot/grub2/grub.cfg`. Maelekezo ya zamani yanakuambia uielekeze kwenye `/boot/efi/EFI/fedora/grub.cfg`. Usifanye hivyo: tangu Fedora 34 faili hiyo ni kijifaili cha mistari michache kinachoelekeza kwenye ile ya `/boot/grub2`, na ukiiandikia juu utakuwa na menyu mbili zisizojuana. Kama menyu haionekani kabisa kwa kuwa Fedora ndiyo mfumo pekee kwenye mashine, irudishe kwa `sudo grub2-editenv - unset menu_auto_hide`.